Mwaka Mikono ya Mwanangu Ilipotetemeka

Nilidhani anafanya makusudi. Tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi, mvua inanyesha kama inavyonyesha Rungwe karibu mwaka mzima, na kijiko chake kikawa kinagonga kikombe mfululizo. Nikamwambia aache kuchezea kijiko. Akasema, “Sichezi, mama.” Nikatazama, na kweli hakuwa anacheza. Vidole vyake vilikuwa vinatikisika vyenyewe, na yeye alikuwa anavitazama kama mimi nilivyokuwa navitazama.

Mama wa kawaida angeshtuka. Mimi nilikumbuka kwamba natakiwa kushtuka, nikamwambia avae sweta. Baba yake alikuwa amefariki kwa pumu mwaka uliotangulia, na tangu siku ya maziko nilikuwa kama mtu aliyetoka kung’olewa jino na sindano ya ganzi haijaisha: unajua mdomo wako upo, lakini ukiugusa unagusa kitu cha mtu mwingine. Nilikuwa nafundisha, napika, nasahihisha mitihani, naitikia salamu za watu barabarani. Hakuna aliyelalamika. Nadhani wengi walinisifu kwa kujikaza, na mimi sikuwa najikaza hata kidogo. Hapakuwa na cha kukikaza.

Sweta haikusaidia. Baada ya muda mwandiko wake ukaharibika, akawa anaandika kama mtu aliyepanda pikipiki kwenye barabara ya mawe. Alikuwa darasa la nne, mwaka wa mtihani, na kabla ya hapo alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Akawa anatafuna kucha. Akawa analia kwa mambo yasiyo na kilio, mfano ndizi iliyoungua au soksi iliyopotea. Usingizi ukampungua. Nikimkumbatia nasikia moyo wake unakwenda mbio kama ametoka kupanda mlima, na kumbe ametoka kukaa tu kwenye kiti.

Ikuti, kijiji tunachoishi, si mahali pa kukosa ushauri. Jirani alisema ni minyoo. Mwalimu wake wa darasa alisema ni woga wa mtihani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba fimbo hawamchapi, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. Mama mmoja wa kwaya alisema baba yake anamwita, tufanye ibada nyumbani. Mwingine akauliza kama mtoto anapita kwenye mashamba ya viazi wakati wa kunyunyizia dawa, na hilo kidogo lilikuwa na akili, kwa sababu kweli anapita. Nikambadilishia njia. Mikono ikaendelea kutetemeka kwenye njia mpya.

Nikampeleka hospitali mjini Tukuyu. Daktari alikuwa kijana, mtaratibu, aliyemsalimia mtoto kabla ya kunisalimia mimi, na nikampenda kwa hilo. Alimpima malaria, akampima sukari, akamshika shingo kutafuta kama tezi imevimba, akamwambia anyooshe mikono na kuweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza kama jani. Akaniuliza kama amewahi kuanguka na kupoteza fahamu, kama kuna kifafa upande wowote wa ukoo. Akauliza dawa anazotumia. Nikamtajia dawa ya maji ya kifua, kwa sababu mwanangu amerithi kile kifua cha baba yake, kidogo tu, kinapiga filimbi wakati wa baridi. Akasema dawa ile ikizidi inaweza kutetemesha mikono, ikakimbiza moyo na kufukuza usingizi, akataka nimwonyeshe nampa kiasi gani. Nikamwonyesha kwenye kizibo cha chupa. Akatikisa kichwa. “Hiyo ni kidogo,” alisema. “Kwa kiasi hicho asingetetemeka hivi. Na usimwachishe, kifua kitabana.”

Majibu yote yakatoka safi. Ndipo akaweka kalamu chini, akauliza habari za nyumbani, na nilipomwambia kuhusu mume wangu uso wake ukabadilika. Alikuwa amepata jibu. Akasema mtoto akifiwa, huzuni inaweza kutokea mwilini, kwenye mikono, kwenye tumbo, kwenye usingizi. Akaniuliza kama tunazungumza na mtoto kuhusu baba yake.

Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Nyumbani tulikuwa tunazungumza kuhusu sare, mchicha na umeme kukatika.

Niliondoka pale nikiwa nimekubali. Ni huzuni, basi. Lakini huzuni gani hiyo inayopimwa kwa karatasi? Na ile iliyonikaa mimi mbona haikutetemesha hata ukope? Nilikasirika, nikashangaa kwamba bado ninaweza kukasirika. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kimepenya ile ganzi, na nakisema kama kilivyokuwa: niliogopa kumzika. Niliona mwili wa mume wangu ukishindwa kazi ya kupumua, kazi ambayo hata kuku anaiweza, na sasa mwili wa mtoto wake ulikuwa umeanza kufanya mambo yake bila kumuuliza mwenyewe. Nilikuwa na huyo mmoja.

Hapa lazima nieleze kuhusu mkwe wangu, maana bila hivyo haieleweki.

Mimi kwetu ni Singida. Nililetwa huku na ajira ya ualimu, nikaolewa na mwenyeji, mnunuzi wa parachichi, mtu mcheshi sana aliyekuwa anapumua kwa shida na kucheka bila shida. Mama yake alikuwa amefariki kabla sijafika. Baba yake alikuwepo, anaishi peke yake na ng’ombe wake ng’ambo ya migomba yetu, na kati yangu na yeye kulikuwa na mwiko. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, mwanamke anaingia pembeni kwenye migomba, anajifunika kichwa, mzee anapita. Siku hizi wengi wameacha. Hapo Bulyaga, mjini Tukuyu, utawakuta wakwe na wakamwana wanapeana mikono nje ya kanisa na kuulizana habari za watoto. Mkwe wangu hakuacha, na mume wangu aliniomba nimvumilie.

Nikavumilia bila taabu yoyote. Niseme ukweli, niliwaonea huruma walimu wenzangu waliokuwa wanakaa na wakwe zao sebuleni wakikosolewa mboga. Mimi mkwe wangu nilimjua kwa viatu vyake. Nilikuwa naona buti za mpira zinakuja, naingia kwenye migomba, buti zinapita. Yakiwepo ya kuambiana, mume wangu alikuwa anayabeba. Baba anasema kuna mkungu umeiva. Mwambie baba asante. Muulize baba kama ameshapona mguu. Alikuwa anakwenda na kurudi kwenye kile kinjia cha katikati akiongeza chumvi yake kwenye kila neno, na mimi nikawa nampenda mzee kupitia kwake bila kujua wapi anaishia mzee na wapi anaanzia mume wangu.

Mume wangu alipofariki, kile kinjia akakirithi mtoto. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Anapita kwa babu yake asubuhi akienda shule, anapita tena jioni akirudi, anakunywa maziwa ya moto, basi akawa ndiye anayebeba. Babu anasema nyasi zimefika dirishani. Mwambie babu nitazikata Jumamosi. Alikuwa analeta maneno kama yalivyo, bila chumvi, amesimama wima mlangoni.

Shule zilipofungwa nikampeleka Singida kwa mama yangu. Kule hakuna ukungu, kuna upepo na alizeti na jua linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Dawa yake ya maji nilikwenda nayo na nikaendelea kumpa kama nilivyoambiwa. Wala haikupita wiki, mikono ikatulia. Alikuwa anamwaga maji kwenye mtungi bila kudondosha tone. Akalala. Akacheka na binamu zake mpaka mama akawagombeza. Mama yangu akaniambia, akiwa anapeta uwele na hanitazami, “Mtoto amepona. Kule mnakokaa ndiko kuna ugonjwa.”

Tuliporudi, mikono ikarudi. Si siku ileile. Ilianza kidogokidogo, kisha kijiko kikaanza tena kugonga kikombe.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilikaa nikajiuliza kama ninavyowauliza wanafunzi: kuna nini hapa ambacho kule hakikuwepo? Baridi. Shule. Mtihani. Kaburi la baba yake, maana tumemzika hapahapa nyumbani. Babu yake. Niliishia hapo, na kuishia hapo hakukunipendeza. Mwalimu mwenzangu, naye mgeni kama mimi, alikuwa ameshaishia hapo kabla yangu. Tukiwa ofisini aliniambia, “Mimi sisemi kitu. Ila mzee anayekaa peke yake, mtoto wake amekufa, mjukuu anatetemeka kila akitoka kwake. Fungua macho.” Nilijua anachotaka kusema, kwamba mzee ni mchawi. Kwa miaka niliyoishi huku nimewasikia watu wazima, wenye vyeti, wakisema hivyo kuhusu wazee wao wenyewe, kisha wakaenda kula chakula cha mchana.

Sikuamini. Lakini pia sikukataa, kwa sababu kukataa kunahitaji nguvu. Niliandika barua ya kuomba uhamisho wa kurudi Singida, nikaipeleka, nikaona ndiyo njia fupi kuliko zote. Sina haja ya kujua nani kafanya nini, nilijiambia. Namwondoa mtoto, mikono inatulia, yamekwisha. Kilichobaki ni kumwambia mzee kwamba damu yake pekee iliyobaki inaondoka. Hilo hata mimi niliona haliwezi kupelekwa na mtoto peke yake na mkoba wa shule mgongoni. Jumapili baada ya ibada nikamshika mkono tukapita naye kile kinjia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake. Buti zilipotuona zikageuka, kigoda kikageuka nazo, akaelekea ukutani. Mimi nikasimama kwenye kona ya nyumba, kanga kichwani, nimempa ubavu. Mtoto akasimama katikati yetu.

“Mwambie babu,” nilisema, “shule zikifungwa tutahamia Singida.”

“Babu, mama anasema shule zikifungwa tutahamia Singida.”

Ng’ombe alikuwa anacheua. Kwa vile sikuwa na ruhusa ya kumtazama mzee, sijui alifanya nini na uso wake.

“Muulize mama yako, Singida kuna nini.”

“Mama, babu anauliza Singida kuna nini.”

“Mwambie kule mikono yako haikutetemeka.”

“Kule mikono yangu haikutetemeka,” mtoto akasema.

Mzee akakohoa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa huku, chenye z zinazotoka kama s na v kama f. “Mwambie mama yako, sawa. Mtoto ni wake. Mimi ninasema ndaga, asante, amenilelea. Ila mwambie, akifika huko asisahau fidonge.”

“Mama, babu anasema usisahau vidonge.”

“Muulize babu vidonge gani.”

Hakungoja aulizwe. “Fya kifua. Filefile fya baba yako. Ninasaga, ninamtilia kwenye masiwa, asubuhi na jioni. Fichungu, hatafikunywa hifihifi.”

Nilimwelewa mara moja, na sikusikia chochote moyoni. Nakumbuka nilitazama sufuria lake la maziwa limefunikwa sahani na kufikiri, kumbe ni lile pale. Dawa ileile. Mimi nampa ya maji nyumbani, kiasi cha kizibo, kwa uangalifu wa mwalimu wa sayansi; anavuka migomba, anapewa tena ya vidonge, tena vya mtu mzima; anakwenda shule mikono inacheza na moyo unakimbia; anarudi, anapewa tena; anafika kwangu, nampa tena. Daktari aliniuliza mtoto anatumia dawa gani nikamjibu kwa usahihi kabisa. Mtoto mwenyewe alikuwa hajui. Alijua anakunywa maziwa.

“Mwambie mama yako,” mzee aliendelea, bado kwa ukuta, “mwanangu alipokufa nilichukua karatasi la dawa zake, tupu, nikashuka nalo Tukuyu, nikasema nipeni kama hifi. Huyu mtoto analia filimbi kifuani kama baba yake. Nikasema mama yake ametoka nchi ya jua, hakijui hiki kifua. Wa kumuuliza alikuwa hayupo. Nikasema basi nimpe tu, kisimchukue na huyu.”

Ninayajua yaliyofuata kwa sababu niliyaishi. Kesho yake nilimpeleka mtoto kwa daktari yuleyule, naye akafumba macho kidogo niliposema neno vidonge. Alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akasema tumepona, akaeleza tena nini apewe na nani. Mikono ilitulia kabla ya wiki kwisha. Kucha hazikutulia. Kilio cha soksi hakikwisha. Daktari alisema dawa ilikuwa chanzo kimoja na alikosea kudhani kwamba chanzo lazima kiwe kimoja; mtoto alikuwa na huzuni vilevile, na kitu kingine ambacho hakukitaja jina, akauliza tu nani nyumbani anazungumza na nani. Safari hii sikumdanganya.

Lakini siku ile ya Jumapili nilikuwa bado nimesimama kwenye kona, na mtoto wangu bado yuko katikati.

“Mwambie babu,” nilianza, “na mimi nampa. Mwambie ya maji ni dawa ileile. Mwambie asimpe tena, hata leo. Mwambie sikujua. Mwambie...”

Mtoto hakugeuka kwa babu yake. Alikuwa ameficha mikono kwapani, ametazama chini kwenye matope, na midomo ilikuwa imekazwa kama ya mtu aliyebeba ndoo kichwani.

“Ambianeni wenyewe,” alisema. “Mimi nimechoka.”

Hakusema kwa ukali. Mtoto wa huku hawasemeshi wakubwa hivyo, na alilijua hilo, akaanza kulia papo hapo kwa woga wa alichokisema. Hakuna aliyemgombeza. Nilisikia kigoda kinakwaruza chini. Kilikwaruza taratibu, kikasimama, kikakwaruza tena, kwa sababu aliyekuwa anakigeuza alikuwa anageuza maisha yake yote, na mguu wake ulikuwa mbovu.

“Unampa saa ngapi?” mzee aliniuliza.

“Asubuhi, jioni na wakati wa kulala, baba.”

“Basi mimi nimeacha.”

Na kwa sababu mtu akikusemesha unamtazama, nikamtazama. Miaka yote ile sikuwahi. Hakuna mtu aliyekuwa amenitahadharisha, na waliojua nadhani walidhani najua. Ule uso niliuzika. Ilikuwa paji lilelile pana, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, na mdomo ule unaoonekana unataka kucheka hata wakati hakuna cha kuchekesha. Alikuwa mume wangu, isipokuwa huyu alikuwa ameachwa azeeke. Alikuwa anapumua vizuri, kwa pua, bila shida, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni.

Ganzi ikaachia yote kwa mara moja, na iliniuma kuliko siku ya maziko. Nilikaa chini pale pale kwenye matope na kanga yangu ya kanisani, nikamvutia mtoto mapajani, nikalia kwa sauti mbele ya baba mkwe wangu, na sikuweza kuondoa macho usoni kwake. Naye hakugeuka.